Mama Zima na Mtoto Mwenye Arosto

Mama Zima hakuzaliwa na jina hilo, na waliompa hawakumpa kwa nia njema. Ni wauguzi wa zamu ya asubuhi, miaka kumi na tatu iliyopita, wiki ileile alipohamishiwa wodi ya wazazi akitokea idara ya kufulia. Hajajua hata choo cha wafanyakazi kiko upande gani, tayari ameshaanza kuamrisha watu: zima taa hiyo, zima simu, zima redio, na wewe daktari, hicho kicheko chako nacho kizime. Mhudumu wa wodi, mtu wa ndoo na dekio, anamwambia daktari azime kicheko! Wauguzi walicheka mpaka wakashika kuta. Jina likaganda. Wageni wakilisikia hudhani ni sifa, kwamba huyu ni mama mzima wa afya, na yeye hajawahi kumsahihisha mtu.

Kichekesho chenyewe kiko nyumbani kwake. Mume wake ni fundi wa maspika. Sebule nzima ni maspika, mengine yamepasuliwa matumbo, mengine yamepandana hadi darini, na fundi hawezi kujua kama spika limepona mpaka alifungulie sauti vikombe vitembee mezani. Binti zao watatu wamekua wakiongea kwa kupayuka. Mwalimu aliwahi kumwita mama yao shuleni, akamuuliza kwa upole kama nyumbani kuna mtu mwenye tatizo la kusikia.

"Yupo," alijibu Mama Zima. "Ila mwenyewe bado hajajijua."

Kwa hiyo anayeshangaa huyu mama anapendea nini wodi ambayo vichanga hulia kwa zamu, hajawahi kufika kwake Jumamosi mchana.

Kwenye karatasi, kazi yake ni kupiga deki, kubadilisha mashuka, kutoa taka na kuwapelekea wazazi maji ya moto. Kazi yake hasa, ambayo haijaandikwa popote, ni mikono. Miaka tisa ya kufulia ilimfundisha kukunja. Shuka la kitanda alilikunja mara nne huku anasengenya, bila kulitazama, na pembe zote zikakutana. Ngozi ya viganja ilipoanza kuchubuka kwa dawa za kufulia wakamhamisha, akaja wodini na mikunjo yake. Kichanga akifungwa na muuguzi wa kawaida, baada ya robo saa mguu uko nje, mkono uko nje, kama mtu anayeaga mkutano uliomchosha. Akifungwa na Mama Zima anakaa kimya mahali pake kama barua ambayo bado haijafunguliwa. Wauguzi wenye vyeti ukutani walikuwa wakimwita pembeni na kumnong'oneza, "Mama, hebu njoo utushikie huyu kidogo." Aliwashikia. Na hakuna aliyewahi kumuuliza kama mikono mizuri namna hiyo inaweza kumdhuru mtu.

Jibu lilikuja Jumatatu moja, kwenye kile chumba kidogo cha mwisho wa korido ambacho zamani kilikuwa stoo ya magodoro.

Humo walikuwa wamemlaza msichana wa miaka ishirini na mbili, mwembamba kiasi kwamba mtaani kwao walimwita Sindano. Jina lilimkaa vibaya, maana kila aliyelisikia alifikiria sababu nyingine. Sindano mwenyewe hakuwahi kujidunga. Alivuta. Miaka minne aliuvuta unga, mpaka siku alipogundua ana mimba ya miezi mitatu, akajipeleka mwenyewe kliniki kuanza methadoni, ile dawa ya kunywa kila asubuhi mbele ya muuguzi ili mwili usirudi kudai unga. Kwa miezi sita hakukosa hata asubuhi moja. Mvua ilinyesha, alikwenda. Miguu ilivimba, alikwenda na ndala za shangazi yake. Kuna watu wazima wenye akili timamu wanashindwa kumaliza dozi ya siku tano ya kikohozi.

Daktari alimwambia amefanya vizuri sana. Kisha, kwa sauti ileile, akamwambia kwamba mtoto amezoea dawa tumboni, na akishazaliwa mwili wake utaidai. Akaitaja hali hiyo kwa jina refu la kitabuni. Sindano alisikiliza mpaka mwisho, akalifupisha.

"Atakuwa na arosto."

Ndivyo linavyoitwa mtaani, na kila aliyewahi kuvuta analijua neno hilo kwa mifupa: yale mateso mwili unapodai na cha kuupa hakipo.

Mtoto wa kiume alizaliwa Jumamosi, mzima, analia vizuri. Jumapili mchana arosto ikabisha hodi. Kidevu kilitetemeka, vidole vikatetemeka. Alipiga chafya sita mfululizo. Alinyonya ngumi yake kwa pupa kama mwenye njaa ya wiki, lakini akipewa ziwa analishika mara mbili, analiachia, anakunja mgongo kama upinde na kutoa kilio chembamba cha juu ambacho kilipenya mpaka ofisi ya sista mkuu.

Sindano alifanya yote ambayo mama hufanya. Alimtazama machoni. Alimwimbia. Alimrusharusha, akampigapiga mgongoni, akamwita majina matamu, vyote kwa pamoja, chini ya taa ndefu nyeupe na dirisha lisilo na pazia. Mtoto aligeuza uso. Mama akamfuata upande huo. Mtoto akaugeuzia upande mwingine, akapiga chafya, akalia zaidi.

Halafu faili. Sista mkuu ni mwanamke hodari mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, na huwa anatafuta wa tatu. Mwandiko wake hospitali nzima inaujua: mwanzo wa sentensi unasomeka, mwisho unasomeka, maneno ya katikati huyameza. Jumatatu asubuhi aliweka faili kitandani akapime joto la mtoto, na Sindano akasoma. *Anakataa mama.* Basi. Alilifunga faili taratibu, akalirudisha palepale.

Shangazi yake alipokuja kumwona saa nne, alimkuta ameshaamua. Shangazi huyo ndiye aliyemlea, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwenye pini mdomoni hata akiwa hashoni.

"Mchukue wewe," Sindano alimwambia. "Mimi hanitaki."

"Mtoto wa siku mbili anajua kutaka?"

"Imeandikwa, shangazi."

Walimwita afisa ustawi wa jamii kwa simu. Akasema atafika Alhamisi saa tano na fomu ya kumkabidhi mtoto kwa ndugu.

Mama Zima hakuwa na habari ya lolote kati ya hayo. Yeye alisikia kilio saa sita mchana, akaegemeza dekio ukutani, akaingia. Akazima taa. Akanawa. Akasema, "Hebu nipe huyu bwana," akamchukua mikononi mwa mama yake bila kungoja jibu. Mkunjo mmoja, wa pili, wa tatu. Akamweka kifuani, akasimama kimya bila hata kumtikisa. Dakika nne. Mtoto akashusha pumzi ndefu, akalala.

Sista mkuu alikuwa mlangoni na wanafunzi wawili wa uuguzi.

"Mnaona?" alisema. "Mikono hiyo, jamani. Mikono hiyo ingefaa iwekewe bima."

Wanafunzi wakapiga makofi ya ncha za vidole, yasiyo na sauti. Na Mama Zima, tuseme kweli, alivimba kidogo. Nani asingevimba? Miaka ishirini na miwili hospitalini, mshahara wa ndoo, kasifiwa mbele ya wanafunzi. Aligeuka kumrudishia mama mtoto, uso umechanua.

Sindano alikuwa anatazama ukuta.

"Kumbe anajua kunyamaza," alisema. "Ila si kwangu. Hata kwenye faili imeandikwa, anakataa mama."

Akainuka, akavuta mfuko wake chini ya kitanda, akaanza kupanga nguo. Mama Zima alisimama na mtoto wa watu kifuani, mikono ile ya bima ikaanza kumwelemea.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Sijaenda bado. Mpaka Alhamisi nisaini." Alikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. "Nikitoka hapa mikono mitupu, mama, sijui miguu itanipeleka wapi." Akaisukuma kanga mfukoni. "Najua, bwana. Nadanganya tu. Najua kabisa itanipeleka wapi."

Jioni hiyo Mama Zima alirudi nyumbani akakaa kati ya maspika, hakumwambia mtu azime chochote. Mumewe akaogopa. Akazima mwenyewe.

"Umeumwa?"

Akamweleza. Fundi alisikiliza huku akisokota waya, halafu akasema jambo ambalo alikuwa amelitunza rohoni karibu miaka saba.

"Unalikumbuka lile spika la ukumbi wa harusi?"

"Lipi?"

"Usijifanye. Nilihangaika nalo siku mbili, mwenye mali amekaa hapo ulipokaa. Wewe ukapita na trei ya chai, ukagusa waya kwa kidole, likalia."

"Si nilikusaidia?"

"Ulinisaidia. Siku nne sikula chakula chako."

"Ulisema tumbo!"

"Halikuwa tumbo," alisema fundi. "Ungeshindwa ningekushukuru. Ulifaulu, tena mbele ya mteja."

Binti yao wa mwisho alicheka mpaka akadondosha kijiko. Mama Zima hakucheka. Alitazama viganja vyake vilivyochubuka zamani, akavigeuza, akavitazama tena upande wa pili.

Jumanne aliingia chumba cha mwisho na mikono yote miwili ndani ya mifuko ya aproni, kama askari aliyeambiwa abaki hivyo. Mtoto alikuwa analia. Sindano alimnyooshea.

"Mchukue, mama. Tangu alfajiri."

"Mikono yangu ina dawa ya deki."

"Si unawe?"

"Maji yamekatika."

Bomba lilikuwa linadondoka palepale nyuma yake, to, to, to. Walilisikiliza wote wawili.

"Una uongo mbaya," Sindano alisema.

"Sijauzoea." Mama Zima akavuta kiti kwa mguu, akakaa. "Hebu niambie kitu. Mimi hii arosto naisikia tu. Ikoje?"

Msichana alimkodolea macho. Kwa miezi sita watu walikuwa wamemuuliza mengi: alianza lini, alianza na nani, haoni aibu. Hili hakuna aliyemuuliza.

"Ikoje vipi?"

"Ikoje. Wewe umeipata, mimi sijaipata. Daktari hajaipata. Sista ana miwani miwili na hajaiona. Humu ndani aliyeipata ni wewe na huyo bwana, na huyo bwana haongei."

Sindano alikaa kitandani, mtoto analia mapajani. Akaanza polepole. "Inaanza na miayo. Unapiga miayo na usingizi huna. Halafu chafya. Halafu ngozi, mama, ngozi inakuwa si yako. Hata nguo inakukwaruza. Mwanga unachoma. Mtu akikuongelesha ni kama anakugongea sufuria kichwani. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, kaja kukujulia hali, na unamwona adui."

"Ulikuwa unataka nini?"

"Giza. Na kitu kizito kinibane, blanketi, godoro, chochote. Shangazi alikuwa ananifunga na blanketi halafu ananikalia miguuni. Basi. Asiseme neno."

"Na akisema?"

"Namgeuzia mgongo."

"Humtaki?"

"Simtaki vipi, shangazi yangu? Nageukia ukutani tu nipate kupumzi..."

Neno halikuisha. Mtoto mapajani mwake alikuwa amegeuzia uso ukutani.

Miaka yote hiyo ya kuwazima watu, na safari hii Mama Zima alijizima mwenyewe, na kama unamjua utaelewa hiyo si kazi ndogo. Aliinuka akazima taa, akavua kitenge alichojifunga chini ya aproni, akakitundika dirishani kwa vipini vya kubania nywele. Chumba kikawa na kiza cha kijani.

"Sasa mfunge."

"Sijui kumfunga kama wewe."

"Kwa hiyo nitakufundisha, na sitamgusa."

Alichukua taulo, akaliviringisha mpaka likawa na kimo cha kichanga, akaliweka kwenye kiti. Yeye akafunga taulo, Sindano akafunga mtoto. Kona chini ya bega. Vuta, si kwa kuogopa, vuta, hawezi kuvunjika. Mkono ubaki juu karibu na mdomo aifikie ngumi yake. Miguu uiachie nafasi. Taulo la Mama Zima lilitulia sana, lilikuwa taulo la tabia njema. Mtoto wa Sindano alitoa mguu, akatoa mkono, akamtia mama yake kofi la shingo. Mara ya nne mkunjo ukakaa.

"Sasa kimoja kimoja," alisema Mama Zima. "Ukimtazama, usiongee. Ukiongea, usimtikise. Ukimtikisa, usimtazame. Wewe jana ulimpa redio, taa na bembea kwa wakati mmoja. Hata mimi ningelia."

Sindano alifungua vifungo, akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwa kidogo chini ya kidevu chake ambako hakuna wa kumtazama. Hakuimba. Mtoto alilia dakika tano, nane, kumi na moja. Kisha kilio kikaanza kukatikakatika, kikawa malalamiko, kikawa pumzi. Akatafuta ziwa mwenyewe. Akalishika, akanyonya, akaacha, akapumzika. Akalirudia.

Machozi yalikuwa yanamdondoka Sindano mpaka kwenye nywele za mtoto, na hakuthubutu kuyafuta, asije akamwamsha.

Sista mkuu alipochungulia, kitu cha kwanza alichokiona ni dirisha.

"Nani katundika kitenge wodini? Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa ya jua," Mama Zima alimnong'oneza, akamtoa koridoni na kumwonyesha faili. "Sista, hapa umeandika nini?"

"*Anakataa ziwa la mama*. Huoni?"

"Mimi naona *Anakataa mama*. Hata mama mwenyewe kaona hivyohivyo. Ndiyo maana Alhamisi anasaini."

Sista mkuu alishusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile ya machoni, akasoma. Alisimama hapo muda mrefu kuliko sentensi ya maneno manne inavyohitaji. Halafu, na hili watu wa wodi ile wanalisimulia hadi leo, aliingia chumbani akachutama karibu na kitanda, akakata sentensi yake kwa mstari, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza: HAKATAI. ANAPUMZIKA. Akamwonyesha Sindano, akaweka saini, akatoka. Mwandiko ule ulikuwa ndiyo samahani yenyewe.

Ingekuwa vizuri kusema mambo yakanyooka. Hayakunyooka. Jumatano ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Arosto ilikuwa imepanda, mtoto ameharisha mpaka ngozi imewaka, chafya, jasho. Sindano alifanya kila kitu sawasawa. Miayo alikuwa anaikamata kabla ya wauguzi: mtoto akipiga miayo miwili tu yeye ameshavuta kitenge na kumweka kifuani, na mara tatu asubuhi hiyo alikizuia kilio kabla hakijatoka. Wanafunzi wa uuguzi walianza kumuuliza yeye badala ya kumuuliza sista. Lakini mara ya nne kilitoka na hakikurudi ndani. Dakika ishirini. Thelathini. Arobaini.

Akamlaza kwenye kitanda chake kidogo. Akachukua mfuko.

Mama Zima alikuwa koridoni na ndoo. Walipishana mlangoni. Hakumshika mkono. Hakusema "mwanangu". Msichana alipita mbio kuelekea ngazi, na Mama Zima akaingia chumbani, akasimama kando ya mtoto anayelia.

Mikono ikamwasha. Si maneno ya kuongezea chumvi, viganja vilimwasha kama siku zile za dawa ya kufulia. Mikunjo mitatu tu, dakika nne, na kelele ingekwisha. Aliipeleka mikono nyuma ya mgongo, akaikamata mmoja kwa mwingine. Alikagua kwa macho: anapumua vizuri, rangi nzuri, hakuna hatari, kuna mateso tu. Mateso tu! Alisimama. Aliyapima mateso hayo kwa mapigo ya moyo wake, na anasema katika maisha yake, pamoja na kuzaa mara tatu, hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Alijiahidi dakika tano. Zikipita atamchukua, na liwe liwalo.

Katika dakika ya nne nyayo zilirudi. Sindano aliingia, uso umelowa maji ya bombani, mfuko begani. Akamtazama mtoto anayelia, akamtazama mwanamke mwenye mikono mgongoni, akawaka.

"Mbona hujamchukua?"

"Si wangu."

"Umemwacha analia! Una roho mbaya wewe mama!"

"Ninayo. Na mtoto anakusubiri."

Mfuko ulitupwa, ukaangukia ndoo ya deki. Sindano alimwinua mwanawe kwa hasira, na hasira ile ilimfanya amfunge vizuri kuliko siku zote, mkunjo umekaza, kona imelala. Akamweka kifuani. Akavuta pumzi. Ilichukua dakika nyingine kumi na tano. Mama Zima hakukaa kuzihesabu, alikwenda kusuuza nguo zilizoingia kwenye ndoo.

Afisa ustawi alifika Alhamisi saa tano kasoro, mwanaume mrefu, mpole, mwenye mkoba na viatu vipya vilivyolia *kwi* kila hatua. Nyuma yake shangazi na pini zake. Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, macho nusu. *Kwi, kwi.* Kidevu kikatetemeka. Mwayo mmoja.

"Samahani, baba," Sindano alisema kwa sauti ya chini. "Viatu."

"Nimevikosea nini?"

"Vivue, tafadhali."

Afisa alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea. Mama Zima, anayepangusa dirisha ambalo lilikuwa safi tangu asubuhi, alizidi kulipangusa. Basi afisa wa serikali akavua viatu, akakaa kitini na soksi zake, moja ikitoa kidole gumba kisalimie watu. Akafungua mkoba, akatoa fomu. Mtoto akapiga chafya. Afisa akafungua mdomo, na Sindano akanyoosha kiganja kumwonyesha asubiri. Akasubiri. Wote walisubiri, shangazi na pini zake, kama dakika sita hivi, mpaka kichwa kile kidogo kilipolala upya chini ya kidevu.

"Sasa uliza," alisema Sindano.

Afisa naye aliuliza kwa kunong'ona. "Huyu mtoto atakuwa hivi wiki kadhaa. Pengine miezi. Siku akilia na ukashindwa kumtuliza, utafanya nini?"

"Nitashindwa," Sindano alisema. "Jana nilishindwa. Nilifika kwenye ngazi."

Shangazi alitoa pini mdomoni.

"Halafu?" aliuliza afisa.

"Nikanywa maji, nikarudi. Nyumbani nitampa shangazi, nitatoka mlangoni, nitapumua, nitarudi. Asubuhi nitakwenda naye kliniki kunywa dawa yangu, sitamwacha. Na akinigeuzia uso sitamfuata." Alimtazama afisa moja kwa moja. "Ile fomu niliyoiomba siitaki tena."

Afisa alimgeukia shangazi. "Na wewe mama, ulikuja kuchukua mtoto."

"Nilikuja kuchukua mmoja," shangazi alisema. "Naona nitachukua wawili. Cherehani nitaihamishia ukumbini, inapiga kelele."

Fomu ikarudi mkobani. Akatoa nyingine, ya mama na mtoto kukaa kwa ndugu na kutembelewa kila wiki, wakajaza wote watatu juu ya kitanda, kwa kunong'onezana kama wezi. Kisha afisa akabeba viatu vyake mkononi mpaka mwisho wa korido.

Walikaa wodini siku kumi na saba zaidi. Mtoto hakuhitaji kuhamishiwa ghorofa ya juu kupewa matone ya dawa ya kuituliza arosto. Zipo arosto kali zinazohitaji matone hata mama afanye nini, na daktari alilisema hilo wazi kwa wanafunzi, ila ya huyu ilipita kifuani kwa mama yake. Chafya zilipungua, mashavu yakajaa. Siku ya kumi na tano alimtazama mama yake usoni, yeye wa kwanza, bila kutafutwa, muda wa kutosha kabisa. Sindano hakupiga kelele. Alimtazama tu.

Siku ya kuondoka shangazi alikuwa amekuja na shuka jipya alilolipinda mwenyewe. Mama Zima aliacha ndoo, akanawa mpaka viwiko, akakausha, akaja na mikono miwili imenyooshwa mbele. Wiki tatu hakuwa amemgusa yule bwana hata kidole.

"Sasa nipe nimbebe kidogo, nimuage."

Sindano alimtazama mtoto, akaitazama ile mikono maarufu.

"Si sasa hivi, mama," alisema. "Ndiyo kwanza amelala. Utamwamsha."

Sista mkuu alimkuta koridoni amesimama, mikono bado mibichi, hajui aiweke wapi.

"Vipi?"

"Nimenyimwa mtoto," alisema Mama Zima, na akacheka kwa nguvu kiasi kwamba wauguzi watatu wakatoa vichwa milangoni kumwambia azime.